Mwanza na Jaa Lake: Tuliyoyaona Ziwani na Yanayotuhusu Sisi

Wengi wenu mtastaajabu kuona gazeti la wakulima wa karafuu linatoa nafasi kubwa hivi kwa habari za Mwanza, mji wa samaki na pamba, ulio mbali kabisa na shamba lolote la karafuu. Tunaomba subira yenu. Katika mkutano wa wanachama liliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu: je, yako mabaraza ya miji katika nchi yetu ambayo yamepunguza kweli hewa chafu zinazosemwa kuwa zinaharibu majira, au ni maneno ya mikutano tu? Mzee mmoja aliyeuliza swali hilo alikuwa na haki ya kuuliza. Karafuu zake zilinyeshewa zikiwa juani, siku ambayo kwa hesabu ya baba yake na babu yake mvua haikuwa na ruhusa ya kunyesha.

Basi tulipopata nafasi ya kufika Mwanza tuliichukua. Safari yenyewe haina haja ya kuelezwa kwa urefu: boti hadi Unguja, boti tena hadi Dar es Salaam, halafu gari moshi lisilotoa moshi, yaani treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, na kutoka Dodoma basi mpaka ziwani. Tuliteremka tumechoka, na mbele yetu tukayaona yale majabali makubwa yaliyopandana kama gunia juu ya gunia.

Kabla ya kuendelea, tuwekane sawa juu ya jambo lenyewe. Hewa hizi huitwa gesijoto. Kubwa kati yake ni hewa ya ukaa, itokayo katika kuni, makaa, mafuta ya petroli na dizeli. Ya pili ni methani, nayo hutoka mahali pengi ambapo mtu hapafikirii: mabonde ya mpunga, matumbo ya ng'ombe, vyoo vya shimo, na jaa la taka. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto kiasi cha mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 100. Na ukihesabu kwa miaka 20 tu, ni kama mara 80. Kwa hiyo baraza la mji lisilo na kiwanda hata kimoja linaweza kuwa na deni kubwa la gesijoto kwa sababu ya maganda ya ndizi na mabaki ya ugali.

Mwanza ni mji mkubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tangu mwaka 2012 umegawanywa katika mabaraza mawili: Halmashauri ya Jiji la Mwanza, ambayo ndiyo Nyamagana, na Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela. Katika sensa ya mwaka 2022 Nyamagana ilikuwa na watu 594,834 na Ilemela watu 509,687. Ukijumlisha unapata watu zaidi ya milioni moja na laki moja, na wengi wao wamejenga juu ya vilima vya mawe ambako gari la taka haliwezi kupanda hata dereva awe hodari namna gani. Taka hushuka kwa kichwa, kwa mkokoteni, au hushushwa na mvua. Na zikishushwa na mvua huingia mto Mirongo, unaopita katikati ya mji na kumwaga maji yake ziwani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, inaziwajibisha halmashauri kuzoa na kutupa taka ipasavyo. Mwanza haikungoja kusukumwa sana. Vikundi vya wananchi na makampuni madogo vilipewa kata za kusafisha na kukusanya ada kwa kila nyumba, na katika miaka ya 2000 mji huu ulishika nafasi ya kwanza mara kadhaa katika mashindano ya usafi ya miji ya Tanzania. Watu wa Mwanza hawajasahau sifa hiyo, na mgeni akikaa nao kidogo ataambiwa.

Taka za Mwanza huenda Buhongwa, upande wa kusini wa mji. Zamani lilikuwa jaa la wazi kama majaa yote tunayoyajua, lenye moshi, kunguru na watoto wanaookota vyuma. Kisha ukaja mradi wa kuendeleza miji ya kimkakati, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kuhusisha miji 7 ya Bara, na Mwanza ikapata dampo la kisasa: shimo lililotandikwa chini ili maji machafu yasipenye ardhini, taka zinashindiliwa na kufunikwa udongo.

Hapa tunawaomba wanachama wasome taratibu, maana ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatukulitazamia. Dampo la kisasa ni jema kwa afya. Linapunguza nzi, linazuia moshi wa taka zinazoungua, linalinda maji ya visima. Lakini kwa upande wa methani si dawa kwa peke yake. Linaweza hata kuzidisha. Methani huzaliwa pale taka zinapooza bila kupata hewa. Ukiziacha zimetapakaa juu juu, hewa huingia na methani huwa kidogo. Ukizishindilia na kuzifunika vizuri, umezinyima hewa kabisa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaohesabu mambo haya hulipa jaa la juu juu kipimo cha 0.4, jaa lenye kina 0.8, na dampo lililoshindiliwa 1. Maana yake ni kwamba taka zile zile, zikihamishwa kutoka jaa la ovyo kwenda dampo safi, zinaweza kutoa methani mara mbili na nusu, isipokuwa gesi hiyo ivutwe kwa mabomba na kuchomwa au kutumiwa.

Haya si mageni nchini. Dar es Salaam ilifunga jaa la Mtoni mwaka 2007, na pale pakawekwa mabomba ya kuvuta gesi na kuiwasha moto, mradi wa kwanza wa Tanzania kuandikishwa chini ya utaratibu wa Mapatano ya Kyoto. Methani ikiungua hugeuka hewa ya ukaa, ambayo ni mbaya, lakini ni mbaya kidogo kuliko ile iliyokuwa. Kwa hiyo mwanachama akisikia baraza lolote, la Bara au la Visiwani, linajisifu kwa dampo jipya, aulize kwanza swali moja: gesi yake inakwenda wapi?

Lakini njia iliyo bora zaidi ni kutoipeleka taka yenye kuoza dampo hata kidogo. Tufanye hesabu, maana sisi ni watu wa pishi na mizani. Tani moja ya mabaki ya chakula ikizikwa katika jaa lenye kina au dampo lililoshindiliwa itatoa, kadiri miaka inavyokwenda, kilo 40 hadi 50 za methani. Tani ile ile ikifanywa mboji, ikapinduliwapinduliwa ipate hewa, itatoa kama kilo 4. Na mwisho wake unabaki na mbolea, ilhali kule dampo unabaki na mlima.

Wenzetu wa Kinondoni, Dar es Salaam, wamekwisha kuianza njia hii. Halmashauri ile imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa kushirikiana na mji wa Hamburg na kwa fedha za serikali ya Ujerumani, chenye uwezo wa kupokea tani 50 za taka kwa siku, taka za masokoni hasa. Kiwanda kikijazwa sawasawa, kwa hesabu ile ya juu, ni kama tani 2 za methani zinazozuiwa kwa kila siku moja ya kazi. Mwanza nayo ina rafiki yake Ujerumani, mji wa Würzburg, tangu mwaka 1966, na urafiki huo umeingia pia katika mambo ya tabianchi. Kwa maoni yetu, kama marafiki hao wangeuliza ni zawadi gani inayofaa, tungejibu haraka: mashine ya kusagia taka za soko na mtu wa kuitengeneza inapoharibika. Huyo wa pili asisahauliwe, maana tumeona mashine nyingi za misaada zikifanywa viota vya kuku.

Jambo la majitaka tutalipita upesi. Kwa mradi wa maji na usafi wa Ziwa Victoria, uliosaidiwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Mamlaka ya Maji ya Mwanza ilipitisha mabomba membamba ya majitaka juu ya vilima, Igogo, Mabatini, Kilimahewa na kwingineko, mahali ambapo kuchimba choo cha shimo ni kupigana na jabali. Ziwa linafaidika sana, na watoto zaidi. Kwa gesijoto, faida hutegemea mwisho wa bomba, kwa kuwa mabwawa ya kusafishia majitaka yakiwa wazi nayo hutoa methani. Usafi wa maji na upungufu wa gesi si kitu kimoja, ingawa mara nyingi husifiwa pamoja.

Sasa tufike Mwaloni, Kirumba, mahali tulipokaa muda mrefu kuliko pote.

Mwaloni ni soko la dagaa na samaki wakavu, na mtu wa karafuu akifika pale hujiona yuko nyumbani. Magunia, mizani, wachukuzi, madalali, na mabishano juu ya ukavu. Dagaa huanikwa jua kama karafuu. Jua likiwa kali hukauka kwa siku moja. Karafuu zetu hutaka siku 4 hadi 7. Mvua ikipiga, dagaa huoza au hushuka daraja, wakauzwa kwa chakula cha kuku, kama vile karafuu iliyonyeshewa inavyopoteza rangi na bei. Wanaoanika mchangani hupata hasara zaidi kuliko wanaotumia vichanja, na dagaa wa kichanjani hawana mchanga, kwa hiyo bei yao ni nzuri. Tulipoeleza jinsi sisi tunavyokimbilia majamvi wingu likitanda, akina mama wa pale walicheka sana. Walijua hasa tunasema nini.

Tena wao wana sababu yao ya kuogopa majira. Wazee wa ziwani hawajasahau mvua za mwaka 1961 na miaka iliyofuata, ziwa lilipopanda zaidi ya mita 2 na kufikia mwaka 1964 kimo ambacho watu walidhani hakitarudi. Mwezi wa Mei 2020 kimo hicho kilifikiwa na kupitwa. Nyumba na mialo ya ufukweni iliingiliwa na maji, na mahali pa kuanikia pakawa mahali pa kuogelea.

Iko hadithi nyingine ya kuni, na inafaa isimuliwe. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Furu wa zamani alikuwa mdogo, akikaushwa na jua tu. Sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi. Ukimwanika juani anaoza kabla hajakauka. Basi akawa wa kubanikwa kwa moshi, na moshi hutaka kuni, na miti ya ufukweni na visiwani ikakatwa kwa sababu ya samaki. Ni nani aliyefikiri, siku ile walipommwaga majini, kwamba samaki mmoja angekula miti? Katika hesabu za mabaraza ya ukanda huu, jiko la kubanikia lililozibwa vizuri, lisilopoteza moto, ni kazi ya kupunguza gesijoto sawa na dampo la mamilioni, ila halina utepe wa kukata.

Usiku tulikwenda ufukweni kutazama taa za wavuvi wa dagaa. Mji mzima juu ya maji! Zamani zote zilikuwa karabai, kila mtumbwi na taa kadhaa, zikinywa mafuta ya taa kutwa nzima ya usiku. Siku hizi nyingi zimekuwa taa za betri zinazochajiwa kwa jua au kwa umeme. Mvuvi hakubadili taa kwa kupenda tabianchi. Alibadili kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yanamla faida yake. Nasi tunaona hiyo ndiyo sababu nzuri kupita zote, kwa kuwa haimtaki mtu awe malaika. Kadhalika katika kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe, tangu mwaka 2016 kumekuwa na umeme wa jua wa kampuni ya JUMEME pale Bwisya, na mashine za kusaga na majokofu ya samaki yameweza kuacha jenereta ndogo ndogo.

Nyumbani mwa watu, hata hivyo, bado ni makaa. Serikali ilitoa mwaka 2024 mkakati wa kupikia kwa nishati safi, wenye shabaha ya kuwafikia watu 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034, na taasisi kubwa kama shule na magereza zimeamriwa kuacha kuni na makaa. Halmashauri zinahusika moja kwa moja, kwani shule ni zao. Ukitaka kujua baraza limefika wapi, usiende ofisini. Nenda nyuma ya jiko la shule ya bweni ukaangalie kama kuna rundo la magogo.

Tulivuka pia daraja la J. P. Magufuli, kutoka Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025. Magari yaliyokuwa yakingoja kivuko kwa saa nzima au mbili sasa hupita kwa dakika chache. Dizeli ya kungoja imeokolewa. Lakini barabara ikiwa rahisi magari huongezeka, kwa hiyo tusiharakishe kuandika faida kitabuni.

Je, basi, Mwanza imepunguza? Jibu letu ni hili. Imepanga taka zake, imelinda maji yake, na wavuvi wake wamezima karabai. Hayo ni ya kweli na yanaonekana. Lakini mambo mengi yaliyofanywa yalifanywa kwa ajili ya afya na ziwa, na upungufu wa gesijoto umekuja kama mtoto wa kambo, wengine umefika na wengine haujafika. Tanzania iliahidi mwaka 2021 kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, kulinganisha na hali ambayo ingekuwa kama hakuna lililofanywa. Ahadi ya taifa hutimizwa katika majaa, majiko na misitu ya halmashauri. Wako waliotangulia kwa upande wa misitu: Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambako vijiji 8 vinalinda misitu ya Ntakata na kulipwa kwa hewa ya ukaa iliyobaki mitini badala ya kupanda angani. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Huko hesabu hupimwa na kukaguliwa na watu wa nje, na tungependa majaa nayo yapimwe kwa ukali huo huo.

Tuje nyumbani. Liko baraza moja la huku kwetu, hatulitaji, ambalo gari lake limezoea kumwaga taka za soko kandokando ya mikarafuu ya wanachama watatu. Wamelalamika, wameandika barua, na jibu walilopata ni kwamba gari halina mafuta ya kufika mbali. Tuliporudi tulikwenda kutazama rundo lile kwa macho mapya. Tulifukua kwa jembe. Zaidi ya nusu ilikuwa maganda ya muhogo na ndizi, majani ya mboga, machicha ya nazi, na vumbi la makonyo. Mifuko ya plastiki haikuwa mingi kama tulivyoogopa, kwa sababu huku Visiwani ilipigwa marufuku tangu mwaka 2006. Chini, kimo cha mkono mmoja, palikuwa na harufu ile ya uozo usiopata hewa. Juu, mahali kuku walipochakura, palikwisha kuwa udongo mweusi.

Wanachama wawili katika kamati walipinga kabisa chama kugusa taka za baraza. Walisema tukianza kuzichambua, baraza litatuachia kazi yake milele, na ada tunalipa. Hoja yao ina nguvu na hatuwezi kuidharau. Wengine walijibu kwamba mche wa mkarafuu unataka mbolea sasa, na mti uliopandwa leo hautachumwa kabla ya miaka 6 au 8. Kungoja baraza ni kungoja mti ambao haujapandwa. Baada ya mabishano ya saa mbili kamati ilikubali jaribio la msimu mmoja tu, kwa masharti mawili: baraza litie sahihi kwamba litaleta taka za soko peke yake, zisizochanganywa na za hospitali wala za gereji, na kwamba gari lake litaendelea kuzoa zilizobaki. Barua imekwisha kupelekwa. Jibu likija tutalichapa hapa neno kwa neno, liwe zuri au baya.

Wakati tunangoja, mwanachama anaweza kuanza uani mwake. Panga tabaka la majani makavu, juu yake tabaka la mabaki mabichi ya jikoni, na samadi kidogo ukiwa nayo. Lundo lisipite kimo cha kifua. Lifunike kwa makuti mvua isilizamishe. Pindua kila baada ya wiki moja mwezi wa kwanza, halafu kila baada ya wiki mbili. Tia fimbo katikati. Ukiichomoa ikiwa ya moto, lundo linakwenda vizuri. Ikitoka baridi na inanuka, limekosa hewa, na hiyo harufu ni dalili ya methani ile ile ya Buhongwa. Baada ya miezi 3 au 4 mboji huwa tayari. Usiitie ikiwa bado ya moto, itaunguza mizizi ya miche.

Wanaotaka kushiriki katika jaribio la vitalu waandikishe majina yao kwa karani wa tawi kabla ya mvua za vuli, na kila mmoja aseme ana miche mingapi, na kama ana jembe la uma au hana. Chama kina majembe 6 tu ya kuazimisha.